Sauti, pumzi na mwaka 1979

Kuna neno limeingia mjini na inaelekea limekuja kukaa. Utalikuta kwenye semina za wafanyakazi wa benki, kwenye programu za simu, kwenye vitabu vinavyouzwa karibu na kaunta ya supamaketi. Wanaliita maindifulnesi. Mimi hapa nitaliita uzingatifu: kule kukaa na jambo linalotokea sasa hivi, ndani yako au nje yako, ukalitazama bila kulikimbia na bila kugombana nalo. Unakaa kitako, unafuata pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija unaliona, unaliacha lipite, unarudi kwenye pumzi. Basi. Ndiyo shughuli yenyewe.

Sina ugomvi na semina za benki. Swali langu ni jingine. Hii habari ya kukaa kimya na kutazama yanayopita kichwani itamfaa nini mtu ambaye kichwani mwake kuna sauti zinamtukana? Simzungumzii mtu mwenye mawazo ya kodi ya nyumba. Namzungumzia kijana wa miaka ishirini ambaye ndio kwanza anaanza kuupoteza mpaka kati ya kilichopo na kisichopo. Huyo naye umwambie akae kimya asikilize?

Ukiuliza haraka haraka, wengi watakujibu: thubutu! Utamzidishia. Na hawajakosea sana. Ila historia ya jibu hilo, na jinsi lilivyobadilika kidogo kidogo kwa miaka zaidi ya arobaini, ina somo kubwa kwetu. Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari. Nimeifuatilia kwa sababu kuna mtu ninayemjua inamhusu, na nina hakika hata wewe unaye, hata kama kwenu hamumtaji mbele ya wageni.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Saikosisi si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini bila kuyumba kwamba majirani wanakufuatilia, mawazo kukatika katika mpaka mtu haeleweki anaposema. Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa yanayoileta, ingawa si peke yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 duniani walikuwa na skizofrenia, yaani kama mtu 1 kati ya 300. Na kwa kawaida haianzi uzeeni. Huanza ujanani, miaka ya mwisho ya shule na ile ya chuo au kazi ya kwanza. Yaani umri ule ule ambao nyumbani wameshaanza kukuhesabia.

Mwaka 1896 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliuweka ugonjwa huu kwenye kitabu chake kwa jina la Kilatini lenye maana ya kuchakaa kwa akili mapema. Hebu lifikirie jina hilo. Kijana anaingia hospitali, na jina la ugonjwa wake peke yake limeshamwambia mwisho wa safari. Mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler akapendekeza jina la skizofrenia, na akasema wazi kwamba si wote wanaoishia pabaya. Lakini hukumu ya Kraepelin ilikuwa imekwisha kuzama. Kwa nusu karne iliyofuata mgonjwa alikuwa mtu wa kufungiwa na kungojewa.

Kisha ikaja 1952. Pale hospitali ya Sainte-Anne, Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walitangaza kwamba dawa iitwayo klopromazini inatuliza saikosisi. Haya yalikuwa mapinduzi, tusiyapunguze. Watu waliokaa wodini miaka mingi walianza kurudi makwao. Ila dawa nazo zilikuwa na mipaka. Wengine zilinyamazisha sauti kabisa, wengine zilizipunguza tu, wengine hazikuwafaa, na wengi walichoka na madhara yake: usingizi, kutetemeka, kunenepa.

Na walipoanza kurudi makwao ndipo lilipoonekana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Huko London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali, na mwaka 1958 wakaandika kwamba waliorudi kuishi na wazazi au wake zao walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kukaa na ndugu wengine. Ajabu, siyo? Nyumbani ndiko tulikodhani kuna dawa. Miaka iliyofuata wakagundua siri yake: kilichoumiza kilikuwa hewa ya nyumba. Nyumba ya lawama za kila siku, ya uhasama, au ya kumbana mtu kwa mapenzi mpaka hapumui, ilimrudisha mgonjwa wodini. Hawakusema familia ndiyo inayoleta ugonjwa. Walisema msongo unauamsha.

Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Joseph Zubin na Bonnie Spring, waliliweka jambo hilo katika nadharia ambayo mpaka leo madaktari wanaitumia. Kwa lugha yangu ni hivi: kila mtu ana kuta zake. Mwingine kazaliwa na kuta nene, mwingine nyembamba. Mvua ndogo haimdhuru yeyote. Ikinyesha kubwa, wenye kuta nyembamba ndio hulowa kwanza. Mvua ni msongo: mitihani, msiba, kukosa kazi, kukosa usingizi, kelele za nyumbani. Basi kama kuta huwezi kuzibadilisha, waweza kumfundisha mtu namna ya kukaa na mvua?

Hilo swali liweke pembeni kidogo, twende Asia. Huko ndiko uzingatifu ulikotoka, na haukuanzia kwenye programu za simu.

Ni mafundisho ya Kibudha yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na kwa Kipali, lugha ya vitabu vyao, huitwa sati, neno lenye harufu ya kukumbuka na kutosahau. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni kule Ceylon, Sri Lanka ya leo, alilitia kwenye Kiingereza katika tafsiri zake, na neno alilolichagua ndilo lililotufikia. Kwa hiyo hata hili neno la semina limepita kwenye ofisi ya mkoloni kabla ya kufika kwetu.

Ila sehemu ninayoipenda zaidi ni ya Burma. Zamani kukaa na kutazama pumzi ilikuwa kazi ya watawa, tena wachache. Mwaka 1885 Waingereza walipoiteka Mandalay na kumwondoa mfalme, Waburma wengi waliogopa kwamba dini yao itakufa kwa kuwa mlinzi wake hayupo tena. Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw, akasema: kama mfalme hayupo, basi kila raia ailinde mwenyewe. Akaanza kuwafundisha watu wa kawaida, wakulima na wachuuzi, mambo ambayo yalikuwa ya watawa. Baada yake akaja Mahasi Sayadaw, ambaye kuanzia 1949 alifundisha umati wa watu mjini Rangoon. Umeona? Kitu kinachouzwa leo kama starehe ya matajiri wa California kilitoka mikononi mwa watawa kikaenda kwa wananchi kwa sababu ya ukoloni.

Kutoka Burma na Ceylon kikasafiri. Mjerumani Nyanaponika, aliyekwenda Ceylon mwaka 1936 kuwa mtawa na baadaye akafungwa na Waingereza kambini India wakati wa vita kwa kuwa tu ni Mjerumani, alijifunza kwa Mahasi na kuandika kitabu kilichosomwa sana Magharibi. Vijana wa Kimarekani waliokwenda Asia miaka ya 60 na 70 walirudi nacho, na katikati ya miaka ya 70 wakafungua kituo cha meditesheni katika mji mdogo wa Barre, Massachusetts.

Sasa tumefika 1979.

Mwaka huo Jon Kabat-Zinn, mwanabiolojia mwenye shahada ya udaktari kutoka MIT, alianzisha kliniki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Aliwaomba madaktari wampelekee wagonjwa waliowashinda: wenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha, wenye magonjwa sugu, waliokata tamaa. Hakuwahubiria Ubudha. Aliuondoa ubani, akaondoa sanamu, akabakiza pumzi. Kozi ilikuja kuwa ya wiki 8: kukutana mara moja kwa wiki kwa saa mbili na nusu hivi, mazoezi ya nyumbani ya dakika 45 kwa siku, na siku moja nzima ya kukaa kimya. Huyo ndiye babu wa semina zote za benki.

Mwaka huo huo wa 1979, katika jarida la wataalamu wa magonjwa ya akili la Marekani, Roger Walsh na Lorin Roche walichapisha makala fupi, kurasa mbili tu. Walieleza habari za watu watatu waliokuwa na historia ya skizofrenia, ambao wote walipatwa na saikosisi wakiwa kwenye meditesheni nzito. Makala ilitoa onyo, na ukilisoma kwa makini utaona halikusema meditesheni peke yake. Lilitaja mchanganyiko: meditesheni ya muda mrefu, kufunga kula, kukosa usingizi, historia ya skizofrenia, na kuacha dawa.

Yasome tena hayo mambo. Kufunga. Kukesha. Kuacha dawa. Hayakukumbushi kitu?

Mimi yalinikumbusha jamaa mmoja tuliyekuwa naye chuoni. Mwaka wa tatu, karibu na mitihani, aliacha kulala. Kwanza tulimsifu, tukadhani anasoma. Halafu akaanza kusema redio ya mlinzi inamtaja jina. Mjadala bwenini ukawa ule unaoujua: wengine bangi, wengine amelogwa, wengine mapenzi. Nyumbani walimchukua, akapelekwa hospitali, akapewa vidonge, akapata nafuu. Kisha ndugu wenye nia njema kabisa wakampeleka mahali kwenye maombi ya kufunga siku tatu na kukesha, na huko akaambiwa vidonge ni kukosa imani. Siku ya nne walimrudisha hospitali akiwa amefungwa kamba. Sisemi sala ni mbaya, na huyo jamaa mpaka leo anasali na sala inamsaidia. Nasema tu kwamba kile ambacho Walsh na Roche walikiona Marekani kwenye kambi za meditesheni, sisi tunakijua kwa jina jingine. Mwili usiolala, usiokula, uliokatishwa dawa ghafla, ukiwekwa kwenye ukimya au kelele za usiku kucha, kuta zake hazihimili. Hilo halijali ni dini gani.

Baada ya onyo hilo mlango ukafungwa. Kwa miaka mingi, kozi nyingi za uzingatifu zilimkataa mwenye historia ya saikosisi. Hata miaka ya 2000, watafiti Segal, Williams na Teasdale walipoonyesha kwamba kozi ya aina hiyo inapunguza kurudi kwa sonona kwa watu waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi, watu wa saikosisi walibaki nje ya ukumbi. Tahadhari ilikuwa ya haki. Lakini tahadhari ina tabia ya kugeuka kuta za gereza: wanaobeba msongo mkubwa kuliko wote wakawa ndio wanaonyimwa chombo cha kuupunguza.

Ufunguo haukutoka kwa watu wa meditesheni. Ulitoka kwa wagonjwa. Huko Maastricht, Uholanzi, daktari Marius Romme alikuwa na mgonjwa aitwaye Patsy Hage, aliyesikia sauti na ambaye dawa hazikuzinyamazisha. Hage alimbana daktari wake kwa hoja: wewe unamwamini Mungu ambaye humwoni wala humsikii, kwa nini huziamini sauti ambazo mimi nazisikia kweli? Mwaka 1987 wawili hao walikwenda kwenye televisheni wakawaomba wanaosikia sauti wapige simu. Watu wapatao 450 wenye sauti walijitokeza. Romme na mwandishi wa habari Sandra Escher (naam, mwenzetu) walipowahoji, wakakuta wengine wanaishi vizuri tu na sauti zao na hawajawahi kuwa wagonjwa wa mtu. Tofauti kati ya anayeumia na asiyeumia haikuwa kuwepo kwa sauti. Ilikuwa uhusiano wake nazo.

Mwaka 1994 wanasaikolojia Waingereza Paul Chadwick na Max Birchwood walilipima wazo hilo. Wakaonyesha kwamba anayeamini sauti yake ina nguvu zote na nia mbaya huipinga na kuteseka, na kwamba mateso hayaelezwi na maneno ya sauti peke yake, bali na kile anachokiamini juu yake. Sauti inasema "wewe si kitu". Mmoja husikia hukumu, akajifungia ndani. Mwingine husikia kelele, akaendelea kupika ugali.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Zamani waliuliza: tutazinyamazishaje? Sasa wakauliza: tutapunguzaje ugomvi? Na ukishauliza hivyo, uzingatifu unarudi mezani wenyewe, maana kazi yake yote ni kukaa na kitu bila kugombana nacho.

Mwaka 2002 Patricia Bach na Steven Hayes wa Nevada walichapisha jaribio la wagonjwa 80 waliolazwa kwa saikosisi. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa vipindi 4 tu vya tiba ya mazungumzo iliyo binamu wa uzingatifu: kuyakubali yanayopita akilini bila kuyatii, huku ukifuata unachokithamini maishani. Katika miezi 4 iliyofuata, waliopata vipindi hivyo walilazwa tena kwa kiwango cha nusu ya wenzao. Ila hiki ndicho kilichonishangaza: hao waliofaidika walitaja dalili zaidi kuliko wenzao. Sauti zilikuwepo na walizikiri bila kuzificha. Walichopunguza ni kuziamini.

Kisha 2005 Chadwick na wenzake huko Uingereza wakachapisha matokeo ya makundi madogo ya uzingatifu kwa watu wenye saikosisi inayowatesa. Hawakubeba kozi ya Worcester nzima nzima. Waliikata. Badala ya dakika 45, mazoezi ya dakika 10 hivi. Badala ya ukimya mrefu, sauti ya mwalimu kila baada ya muda mfupi, kumkumbusha mtu arudi kwenye miguu iliyokanyaga sakafu au kwenye pumzi, asije akapotelea ndani. Siku nzima ya ukimya ikaondolewa. Kila zoezi likafuatiwa na mazungumzo: umeona nini, ulifanya nini ilipokuja, ulipogombana nayo ikawaje, ulipoiacha ikawaje? Tena bila kumwachisha mtu dawa.

Yaani onyo la 1979 halikutupwa. Lilisomwa kama maelekezo ya dozi. Kila kilichotajwa kuwa hatari kilipunguzwa au kutolewa. Klorokwini nayo ilitibu malaria na kuua, ilitegemea umeza ngapi. Kwa nini tulifikiri ukimya hauna dozi?

Mwaka 2008 kundi hilo hilo la watafiti liliwahoji washiriki 16 na kueleza safari yao kwa hatua tatu. Kwanza, kujikuta umekaa katikati, unaitambua hali inayokupata badala ya kumezwa nayo. Pili, kuziacha sauti na mawazo zije na ziende bila kuzijibu. Tatu, kurudisha mamlaka yako kwa kujikubali, ugonjwa ukiwa sehemu yako na si wewe wote. Hatua ya tatu ndiyo inayonigusa. Jina la Kraepelin lilimwambia kijana kwamba ugonjwa ndio yeye.

Na vijana je? Wakati hayo yakiendelea, upande wa pili wa dunia kulikuwa na mapinduzi mengine. Mwaka 1992, mjini Melbourne, Patrick McGorry na wenzake walianzisha huduma maalumu kwa vijana wanaopatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza. Hoja yao ni kwamba miaka ya mwanzo ndiyo inayoamua mengi: ukichelewa, kijana anapoteza shule, marafiki, kazi na kujiamini, na hivyo havirudi kwa kidonge. Huduma za namna hiyo zikaenea Uingereza, Kanada na kwingine, na uzingatifu ukazifuata humo. Mwaka 2012 zilichapishwa simulizi za vijana wa Uingereza waliopitia makundi hayo. Mwaka 2015 huko Montreal, Bassam Khoury, Tania Lecomte na wenzao walichapisha jaribio dogo la awali kwa watu walio mwanzoni mwa saikosisi, wakichanganya uzingatifu, kukubali na huruma kwa nafsi, shabaha ikiwa namna ya kuzimudu hisia.

Kwa nini kwa kijana jambo hili ni zito zaidi? Kwa sababu mwanzoni kuna misongo miwili. Upo ule ulioileta saikosisi, na upo ule unaoletwa na saikosisi yenyewe: aibu, hofu ya kurudiwa, kupishana na wenzako wanaomaliza chuo. Huyu wa pili anamkaribisha tena wa kwanza. Mtu anayelala akiwaza "je, kesho itarudi?" halali, na asipolala inarudi. Dakika kumi za kuiona hofu kama hofu, na si kama habari za kesho, zinaweza kuukata mzunguko huo mahali pamoja. Mahali pamoja tu, lakini hapo panatosha mtu kupata usingizi.

Sasa nisije nikaonekana nauza dawa barabarani. Ushahidi upo ila ni wa kiasi. Mwaka 2013 Khoury na wenzake walijumlisha tafiti 13 zenye watu 468 wenye saikosisi, wakaona manufaa ya wastani, zaidi kwenye dalili ziitwazo hasi kuliko zile chanya. Mwaka 2016 jaribio la Chadwick na wenzake kwa watu 108 wanaosikia sauti halikuonyesha tofauti kwenye kipimo chake kikuu, yaani mateso kwa jumla, ingawa mfadhaiko utokanao na sauti na sonona vilipungua. Huo ndio ukweli wake: kinasaidia, hakiponyi, na hakijachukua nafasi ya dawa wala ya daktari. Anayekwambia vinginevyo, shika mfuko wako.

Na sisi je? Tuna cha kusema katika historia hii? Tunacho, na kipo Zanzibar. Mmarekani Juli McGruder alifanya utafiti huko miaka ya 90, akikaa na familia zenye ndugu mwenye skizofrenia, akiwa na lile swali la George Brown kichwani: hewa ya nyumba ikoje? Katika maandishi yake anaeleza nyumba ambazo ugonjwa ulipokelewa kama mtihani kutoka kwa Mungu, au kama kazi ya masheitani wanaokuja na kuondoka. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hakulaumiwa kila siku. Akitulia, alihesabiwa mtu kamili, akapewa kazi za nyumbani, akakaa mkekani na wengine. Akichafukwa, walingoja. Hakuna aliyesimama juu yake kumuuliza "lini utapona?"

Nilipofika hapo nilisimama. Kitu ambacho London waliona kinakosekana, na ambacho Southampton wanakifundisha kwa dakika kumi kumi, kuacha jambo lije na liende bila kugombana nalo, hapa kilikuwa hewa ya nyumba. Si mgonjwa aliyefanya zoezi. Nyumba ndiyo iliyofanya.

Lakini tusijipambe. Ardhi hii hii ina pingu, minyororo na vyumba vya nyuma. Hospitali yetu ya kale zaidi ya wagonjwa wa akili, Lutindi kule Usambara, ilianzishwa na wamisionari Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui. Tulirithi kuta, na kuta bado tunazo vichwani. Imani ile ile ya masheitani inayomfanya mama mmoja awe na subira ndiyo inayomfanya baba mwingine amnyime mwanawe vidonge. Na maisha ya mjini, ya chumba kimoja na kelele za wapangaji, hayana ule mkeka wa Zanzibar.

Kwa hiyo nikiulizwa nimejifunza nini, nasema hivi. Historia hii si hadithi ya meditesheni kushinda sayansi, wala ya sayansi kushinda meditesheni. Ni hadithi ya watu waliochukua onyo kwa uzito, wakalisoma mpaka mwisho, kisha wakaenda kuwauliza wenye sauti. Miaka 26 ilipita kati ya makala ya Walsh na Roche na ile ya Chadwick. Kwa miaka mingi kati ya hiyo wagonjwa walikuwa na jibu. Hakuna aliyewauliza.

Kama una rafiki ambaye ndio kwanza ameanza kuumwa, usimtumie programu ya simu na kumwambia "hebu jaribu hii". Wala usimpeleke kwenye siku kumi za ukimya, wala kwenye mkesha bila vidonge vyake. Mpeleke kwa daktari mapema, hili la mapema ndilo lililothibitika kuliko yote. Akitulia, na kama kuna mtaalamu anayejua kuongoza dakika hizo kumi, vema. Kama hayupo, bado wewe upo. Punguza ugomvi nyumbani. Mwache alale. Usimuulize kila asubuhi kama sauti zimekwisha.

Yule jamaa yangu leo ana duka la fotokopi. Anameza vidonge vyake. Nilimuuliza kama bado anasikia. Akasema, "Wapo. Siku nyingine wanakuja, nawaacha wakae, nahudumia wateja." Hajawahi kusikia jina la Kabat-Zinn wala la Chadwick. Ila anajua kile ambacho wao walitumia miaka mingi kukitafuta.

Naomba kuishia hapa kwa leo. Wewe nyumbani kwenu mnafanyaje? Ningependa kujua.